Kilindini Kabla ya Bandari

Muulize kijana yeyote wa Mombasa leo hii Kilindini ni nini, naye atakujibu bila kusita kuwa ni bandari. Atakutajia makontena, kreni, malori yaliyopanga foleni tangu Changamwe, na meli zinazosubiri zamu nje ya mlango wa bahari. Kila alilolitaja lipo, na ni haki yake kulitaja kwanza, kwani ndilo lililompokea alipozaliwa. Lakini kabla ya gati la kwanza kujengwa, na kabla ya reli, jina hilo lilikuwa la mji. Mji wa Kilindini ulikuwa na shehe wake na wazee wake, ulikuwa na pahali pake pa kuswali na pa kuzikia, na mashamba ya watu wake yalikuwa ng'ambo ya maji, kusini na magharibi. Haukuwa mtaa wa Mvita wala kitongoji chake. Kisiwa kimoja kilibeba miji miwili, kila mmoja umeelekea maji yake, na kati yao mashamba na msitu.

Juma hili natamani tuutazame huo mji wa pili. Wapo katika nyumba zetu wajukuu wake ambao hawajaambiwa kuwa ni wajukuu wa mji, na mambo ya ardhi yanayotushughulisha Pwani hadi leo yalionekana pale mapema kuliko pengi.

Tuanze na jina, maana jina lenyewe ni ushahidi. Kilindi ni maji ya kina kirefu, pale ambapo nahodha akitia upondo haugusi chini. Kilindini basi ni kwenye kina. Waliolitoa jina hilo waliyajua maji yao vizuri, miaka mingi kabla ya manowari za Kiingereza kuja kuyapima kwa kamba na risasi. Tunaposoma katika vitabu kwamba Wazungu ndio waliogundua kina cha Kilindini, tukumbuke kwamba walikisoma katika jina lililokuwapo.

Kwa nini, basi, kina hicho hakikuufanya mji wa Kilindini kuwa mkubwa kuliko Mvita? Jibu liko katika vyombo vya wakati huo. Jahazi halikuhitaji kilindi. Lilihitaji maji matulivu na ufuo mzuri: maji yakijaa lisogezwe karibu, maji yakitoka likae juu ya mchanga, lipakuliwe kwa mabega ya watu, kisha lisuguliwe mbavu zake na kupakwa shahamu kabla ya pepo kugeuka. Hayo yote yalipatikana upande wa pili wa kisiwa, katika mkono wa bahari tunaouita leo Bandari ya Kale. Hivyo kaskazi ikivuma, vyombo vya Arabuni na Bara Hindi vilikwenda Mvita, na Kilindini ukabaki na maji mengi yasiyo na mnunuzi. Ilipita zaidi ya karne tatu tangu kufika kwa Vasco da Gama mwaka 1498 hadi kuja kwa meli za moshi, ndipo maji yale yakapata bei.

Mvita nao haukuanza pale ulipo Mji wa Kale wa sasa. Uchimbuzi uliofanywa miaka ya 1970 na Hamo Sassoon katika eneo la Hospitali Kuu ya Pwani ulionyesha makazi ya kale upande wa kaskazini wa kisiwa, na huko ndiko mji wa kwanza ulikokuwa. Ibn Battuta alipopita mwaka 1331 aliwakuta watu wa Mombasa wakifuata madhehebu ya Imamu Shafi, na misikiti yao ya mbao aliisifu kwa uimara wa ujenzi wake. Katika karne zilizofuata mji ulishuka polepole kuelekea kusini, na Wareno walipoanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, ukavutwa zaidi kuikaribia ngome hiyo. Kilindini wakati huo ulikuwa mbali na yote hayo, upande wa kusini-magharibi. Wareno walipochora ramani za kisiwa katika karne ya 17 waliuonyesha mji huo kando ya Mvita, wakauandika Tuaca. Ukiitazama ramani kama hizo utaona jambo ambalo maneno hayawezi kulificha: miji miwili, na nafasi tupu katikati.

Watu wa upande huo ndio tunaowajua kama Thelatha Taifa, yaani Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Wa upande wa Mvita ni Tisa Taifa: Wamvita, Wajomvu, Wamtwapa, Wakilifi, Washaka, Wafaza, Wapate, Wagunya na Wakatwa. Jumla yao ni kumi na mawili, Thenashara Taifa. Vitabu vya Kiingereza viliyaita makundi hayo makabila, na jina hilo likatukaa hata sisi wenyewe tukalizoea, ilhali wazee waliyaita miji. Mtu alikuwa wa mji wa Kilindini au wa mji wa Mtwapa hata kama yeye na babu yake walizaliwa nyumba mbili kutoka Ngomeni.

Nadhani hapa ndipo penye ufunguo wa habari yote. Tazama majina ya Tisa Taifa: mengi ni majina ya mahali, na mengine ya mbali sana. Faza na Pate ziko katika visiwa vya Lamu. Shaka ilikuwa karibu na mlango wa mto Tana. Mtwapa magofu yake tunayaona hadi leo kando ya hori. Watu walipohama miji hiyo, kwa vita, kwa ukame au kwa kukimbia maadui wa bara, hawakuacha mji nyuma yao. Waliubeba. Walipofika Mombasa walikaa pamoja, wakaozana kwa taratibu zao, wakawa na mzee wao, na wakaendelea kuhesabiwa kama mji. Mji kwa Mswahili wa zama hizo ulikuwa watu na nasaba na heshima zao, kisha ndipo zikaja kuta. Ndiyo maana Kilindini uliweza kuhamwa kama mahali na ukaendelea kuishi kama mji, na ndiyo maana pia ulipokuja utawala uliojua kuta na mipaka peke yake, mji huo haukuonekana.

Riziki ya Thelatha Taifa ilitoka zaidi ng'ambo. Likoni, Mtongwe na Changamwe yalikuwa mashamba yao na njia zao. Jirani zao wa bara walikuwa hasa Wadigo na Waduruma, kama vile Tisa Taifa walivyokuwa na ujirani wao na Warabai, Wagiriama na wengineo wa kaskazini. Ujirani huo ulikuwa na mikataba yake. Nafaka, pembe na sandarusi vilishuka pwani, na nguo, shanga na chuma vikapanda, na aliyetaka kufanya biashara na watu wa bara alipitia kwa wenye mji waliokuwa na agano nao. Vita vilipotokea, agano hilo lilileta wapiganaji. Wareno walilijua hilo wakaliogopa, na kwa ajili hiyo walijenga vingome pale Makupa, kwenye kivuko cha kuingilia kisiwani kutoka bara. Mwaka 1729 Mombasa ilipowaondoa Wareno kwa mara ya mwisho, wenyeji na jirani zao wa bara walikuwa upande mmoja.

Mji ule umebakisha nini juu ya ardhi? Kidogo mno. Alama kubwa ni Nguzo ya Mbaraki, nguzo ndefu ya mawe na chokaa inayosimama karibu na maji, na kando yake msikiti. Wachunguzi wa mambo ya kale wanasema msikiti wa kwanza wa pale ni wa zama za kabla ya Wareno, ukaja ukaachwa, na kwamba nguzo yenyewe ilikuwapo tayari kufikia mwaka 1728. Kwa miaka mingi wapo waliokuwa wakipeleka pale ubani na marashi kwa kuamini kuwa pana jini wa kuombwa mvua na shifaa, na mashekhe wetu wamekwisha kulisemea hilo. Mimi huiangalia nguzo ile kwa jicho jingine. Msikiti hujengwa penye watu. Tunapoambiwa kuwa Kilindini ulikuwa pori mpaka reli ilipofika, Mbaraki inatosha kuwa shahidi wa upande wa pili.

Kuhama kwenyewe hakukuwa kwa siku moja, wala hakukuletwa na tukio moja la kuandikiwa tarehe. Watu waliondoka nyumba kwa nyumba, wakaingia Mvita, na kufikia karne ya 19 Thelatha Taifa walikuwa wakaazi wa mji ule mwingine, huku Kilindini kukibaki mashamba, mibuyu, visima na makaburi. Sababu si ngumu kuziona. Ngome ilikuwa Mvita, na aliyeishika ngome ndiye aliyeshika ushuru. Vyombo vya kaskazi vilitia nanga huko huko. Mji ulio peke yake upande wa pili wa kisiwa, usio na mizinga ya kuulinda, ulikuwa katika hatari kila mara utawala ulipobadilika, na baina ya 1696, Waomani walipoizingira ngome, na 1729, utawala ulibadilika zaidi ya mara moja. Baba mwenye binti na shehena ya pembe angekaa wapi?

Lakini walipoingia Mvita hawakuyeyuka. Walikuwa na shehe wao, mtamimu, kama Tisa Taifa walivyokuwa na wao, na liwali wa Kimazrui aliyekaa ngomeni alijua kwamba utawala wake unasimama juu ya ridhaa ya pande zote mbili. Upande mmoja ukiondoa mkono wake, alikuwa na kuta tu. Hilo ndilo lililotokea mwaka 1837. Sayyid Said bin Sultan alikuwa amejaribu kuitwaa Mombasa kwa nguvu mara kadhaa tangu 1828, na hakufanikiwa kuimiliki kwa kudumu. Mizinga yake haikufua dafu. Kilichomfungulia mlango mwishowe ni mgawanyiko wa ndani: Mazrui walihasimiana wao kwa wao baada ya kufa kwa Salim bin Ahmad mwaka 1835, na viongozi wa Thelatha Taifa, waliokuwa na malalamiko yao dhidi ya utawala huo, wakageuka upande wa Sayyid. Liwali wa mwisho wa Kimazrui, Rashid bin Salim, alikamatwa pamoja na jamaa zake wakapelekwa Bandar Abbas, na waliosalia wakatawanyika, baadhi Takaungu na baadhi Gazi.

Wapo wanaowalaumu Thelatha Taifa kwa hilo mpaka leo, na wapo wanaowasifu, kila mtu kwa kadiri ya alikozaliwa. Nisingependa kuingia katika ugomvi huo, hasa katika jarida linalosomwa na nyumba zote mbili na, mara nyingi, na bwana wa huku aliyeoa huko. Ninachotaka tukione ni kwamba mwaka 1837, mji wa Kilindini uliokuwa hauna tena hata mtaa mmoja wa nyumba katika pahali pake pa asili ulikuwa bado na nguvu ya kuubadilisha utawala wa Mombasa.

Sasa tuje kwenye karatasi.

Mwaka 1888 kampuni ya Kiingereza ilipata hati ya kifalme ya kuendesha mambo ya pwani hii kwa ridhaa ya Sultani wa Zanzibar, na mwaka 1895 serikali ya Uingereza ikachukua pahali pa kampuni. Mali za watu binafsi ziliahidiwa kuheshimiwa. Ahadi hiyo ilikuwa njema kwa mwenye nyumba mjini na hati ya kadhi mkononi. Kwa mji mzima wenye ardhi ya pamoja, ambao wenyewe walikuwa wamehamia upande wa pili wa kisiwa, ahadi ilikuwa na tundu kubwa. Ardhi isiyo na nyumba juu yake, machoni mwa afisa mgeni, ni ardhi isiyo na mtu. Hakuona kwamba ule mwembe ni mpaka, wala kwamba kile kisima kina jina la ukoo, wala kwamba kaburi lile huzuriwa kila mwaka.

Reli ndiyo iliyoharakisha mambo. Pau za kwanza za njia kuu zilitandikwa Kilindini tarehe 30 Mei 1896, na ndani ya muda mfupi pori lile lilikatwa, mahema na mabohari yakasimama, na maelfu ya vibarua wakaletwa kwa meli kutoka Bara Hindi. Kilichokuwa shamba la mtu kikawa kiwanja, na bei ikapanda kila mwaka. Wafanyabiashara wenye fedha taslimu walinunua walipoweza. Baadhi ya wauzaji walikuwa na haki ya kuuza. Baadhi waliuza kilichokuwa cha ndugu na wajomba na watoto wa watoto, kwa kuwa aliyebisha hodi na fedha alimkuta yeye peke yake nyumbani.

Kisha ikaja Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908. Ilimtaka kila mwenye kudai ardhi pwani afike mbele ya msajili na dai lake, na ushahidi wake, katika muda uliowekwa. Dai likikubaliwa, anapewa cheti. Ardhi isiyodaiwa, au ambayo dai lake limekataliwa, inakuwa mali ya Taji la Uingereza. Kazi hiyo ilifanywa Mombasa, Takaungu na Malindi, na mwaka 1922 ikasimamishwa kabla sehemu nyingi za pwani hazijafikiwa. Wanasheria huandika kwamba sheria hiyo ililenga kuleta utulivu katika umiliki, na kwa mnunuzi ilileta kweli. Lakini ebu fikiria mzee wa Kilindini anayesimama mbele ya msajili. Anaulizwa ardhi ni ya nani, na jibu la kweli ni kwamba ni ya mji. Anaulizwa mji uko wapi, naye yuko Mvita. Anaulizwa hati, na hati yake ni nasaba aliyoihifadhi kifuani. Anaulizwa nani analima pale sasa, na wanaolima huenda ni watu waliopewa ruhusa na babu yake kwa neno la mdomo. Kila jibu lake la kweli linampunguzia haki.

Naona ndiko tuliko hata leo katika vijiji vingi vya pwani yetu, tunapozungumza juu ya watu wanaoitwa maskwota juu ya ardhi ambayo makaburi ya mababu zao yamo ndani yake. Kesi hubadilika majina na mawakili. Swali la msajili ni lile lile.

Kwa upande wa bandari nitapita haraka, maana habari zake zimeandikwa sana. Mwanzoni meli zilitia nanga katikati ya maji, na shehena ikashushwa kwa matishari mpaka ufuoni. Mabwana wakubwa waliposhuka walipandishwa vigari vilivyopita juu ya reli nyembamba, vikisukumwa na watu kwa mikono, kutoka Kilindini hadi mjini. Picha zake zipo, na mwenye kuzitazama hatakosa kumtafuta anayesukuma kabla ya anayesukumwa. Gati za kwanza za maji ya kina zilianza kutumika mwaka 1926. Kuanzia hapo mizani ikageuka. Mvita uliowameza watu wa Kilindini ukaona biashara yake yenyewe inamezwa na maji ya Kilindini. Bandari ya Kale ikabakiwa na majahazi na samaki, na vijana wa Mji wa Kale wakawa wanavuka kisiwa kila alfajiri kwenda kutafuta kibarua katika ardhi iliyokuwa ya baadhi yao. Waliwakuta wenzao waliotoka bara ya mbali kwa kazi hiyo hiyo, na mgomo mkubwa wa Januari 1947, uliosimamisha Mombasa nzima, ulianzia katika maisha hayo ya ujira mdogo na vyumba vya kujazana.

Kuna kisa kimoja cha Vita vya Pili vya Dunia ambacho hunichekesha. Mwaka 1942, baada ya Wajapani kushambulia Ceylon, kikosi cha manowari za Kiingereza cha bahari ya mashariki kilihamishiwa hapa kwetu, pamoja na ofisi ya siri ya kufumbua maandishi ya fumbo ya Wajapani. Katika vitabu vya vita ofisi hiyo inaitwa Kilindini. Yenyewe haikuwa Kilindini hata kidogo: iliwekwa katika shule ya Allidina Visram, kule kaskazini mwa kisiwa, pahali pale pale penye chimbuko la mji wa kwanza wa Mvita. Wageni walikuwa wamekwisha kulifanya jina la mji mmoja kuwa jina la kisiwa kizima, na wazee wa Tisa Taifa, lau wangelijua, sidhani wangelifurahia.

Baada ya uhuru jina lilianza kurudi nyuma. Barabara ya Kilindini, iliyotoka mjini kuelekea gatini na ambayo juu yake ndipo zilipo zile Pembe zinazopigwa picha na kila mgeni, ikaitwa Moi Avenue. Ukitaka kwenda uliko kuwa mji, kondakta wa matatu hatakwambia Kilindini. Atasema Ganjoni, Shimanzi, Mbaraki, Liwatoni au Feri. Liwatoni ndipo lilipoanzia daraja la kuelea la waendao kwa miguu lililofunguliwa Januari 2021, na waliolivuka kwenda Likoni asubuhi walifuata, bila kujua, njia ya Mkilindini akienda kuangalia mtama wake. Mji umekuwa vipande vya jiji, kila kipande na jina lake, na jina la asili limebaki kwenye ubao wa bandari na katika nyaraka za meli zinazosomwa Singapore na Rotterdam.

Limebaki pia mahali pengine pamoja, nako ni majinani mwa watu. Wapo miongoni mwetu wanaojiandika Al-Kilindini, na wapo wasiojiandika hivyo lakini bibi zao wakiulizwa watasema: sisi ni watu wa Thelatha. Kwa muda mrefu katika karne iliyopita serikali ya kikoloni iliwasumbua Waswahili hao kwa swali la kama wao ni Waarabu au ni wenyeji, kwa sababu kodi na kura na hata mgao wa chakula vilitegemea jibu. Wakati mwingine ndugu wawili waliandikwa mafungu mawili. Mji ulikuwa umewapa watu hao jina lisilohitaji kuchagua baina ya hayo mawili, lakini fomu haikuwa na nafasi ya kuliandika.

Katika majuma haya tunapoingia msimu wa kufungua masanduku ya zamani na kuanika nguo, ninawaomba wasomaji wetu, wawe wa Thelatha au wa Tisa au wa mji wowote mwingine, watazame chini ya sanduku kabla hawajalifunga. Mara nyingi mna karatasi: hati ya kadhi, wakfu wa kisima au wa msikiti, barua ya kuuziana shamba, orodha ya mirathi, au ukurasa wa nasaba ulioandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu ambao vijana wa nyumbani hawawezi kuusoma. Msiikunje upya pale ilipokunjika, kwani karatasi ya zamani hukatikia kwenye mkunjo. Ilazeni bapa, ipigeni picha pande zote mbili kwenye mwanga wa jua usiokuwa mkali, na mumketishe mzee wa nyumba aisome kwa sauti huku mmoja wenu akinakili. Muulizeni majina ya mipaka yaliyomo, mwembe wa nani, kisima cha nani, hori gani, na muyaandike kama atakavyoyatamka. Na juu ya nakala hiyo, kabla ya jina la babu, mwandike mji wake.